Ua la Mpira: Pambo la Kivulini, Lakini si Chakula



Mvua ndefu inapoanza mwezi wa tatu au wa nne, wengi wetu tuko mbioni kupanda mahindi na maharagwe. Nafasi ya kuangalia maua hatuna. Lakini ukipita kando ya msitu, au kwenye kichaka cha mtoni, au hata kwenye kichuguu kilichofunikwa na miti, waweza kuona jambo la kushangaza. Kikonyo kimoja kinene kimetokeza ardhini, bila majani au na majani machanga tu, na juu yake kuna mpira mwekundu uliotengenezwa kwa maua madogo madogo. Ukihesabu, yaweza kufika 200 katika mpira mmoja.

Baada ya wiki moja au mbili mpira hunyauka, na watu husahau. Kumbe kazi haijaisha. Pale palipokuwa na maua hutokea vitunda vya kijani, na baada ya miezi michache vitunda hivyo hugeuka kuwa vya rangi ya machungwa, kisha vyekundu vya kung'aa kama shanga. Hivyo mmea huu hupamba mara mbili: kwanza kwa maua, halafu kwa vitunda.

Jina lake

Kila sehemu ya nchi ina jina lake kwa mmea huu. Wataalamu wanauita Scadoxus multiflorus. Zamani uliitwa Haemanthus multiflorus, jina lililotolewa mwaka 1795, na maana ya Haemanthus ni "ua la damu". Mkiona kibandiko chenye jina hilo la zamani katika bustani au kitalu, jueni huenda ni mmea huu huu.

Watu wengine husema tu "kitunguu cha porini", kwa sababu chini ya ardhi una tunguu linalofanana na kitunguu. Mimi nawasihi mwache kabisa jina hilo, na sababu mtaiona hapa mbele. Katika makala hii tutasema "ua la mpira".

"Sasa hii tutakula?"

Nilipoeleza habari ya ua hili katika mkutano wa kikundi kimoja, mzee mmoja aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, sasa hii maua yako tutakula?" Watu wakacheka. Lakini swali lake lilikuwa la maana.

Jibu ni hapana, hatutakula. Na msing'oe hata shina moja la mahindi ili kupanda ua hili. Faida yake ni kwamba linataka pale ambapo mahindi hayataki. Kila boma lina mahali penye kivuli ambapo pamekaa bure: chini ya mwembe, nyuma ya nyumba upande usiopata jua kali, kando ya migomba, chini ya miti ya mpakani. Mahindi yakipandwa hapo huwa membamba na marefu kama nyasi. Ua la mpira hapo ndipo kwao.

Faida ya pili ni kwamba halidai maji wakati wa kiangazi. Mvua ikikatika, majani hugeuka manjano na kufa, na tunguu hulala chini ya ardhi likingoja mvua nyingine. Mama ambaye hubeba maji kichwani kilomita mbili anajua maana ya jambo hilo.

Na faida ya tatu ni kwamba tunguu moja huishi miaka mingi. Ukilitunza, litachanua kila mwaka bila kununua mbegu tena.

Kosa la kikundi kimoja

Kabla ya kusema namna ya kupanda, niwaambie habari ya kusikitisha kidogo.

Kikundi kimoja nilichokitembelea kilisikia kwamba wenye bustani mjini wanapenda ua hili. Basi wanakikundi wakaingia msituni na majembe siku moja tu baada ya maua kutokea. Walichimba kila walichokiona. Wakajaza magunia mawili, wakayapeleka barabarani kuuza. Machache yakanunuliwa. Mengine yakakaa juani siku tatu, yakaoza. Hata yale yaliyonunuliwa mengi hayakushika, kwa sababu mizizi ilikatwa wakati mmea ulipokuwa ukiihitaji zaidi.

Mwaka uliofuata walirudi mahali pale pale. Hapakuwa na kitu. Mama mwenyekiti aliniambia, "Tulikula mbegu." Alikuwa na maana kwamba walitumia mali yote kwa siku moja, na hawakuacha kitu cha kuzaa.

Jambo kama hili tumeliona kwa mimea mingine mikubwa zaidi. Msandali wa Afrika Mashariki ulichimbwa pamoja na mizizi yake kwa ajili ya mafuta ya manukato, mpaka serikali ya Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa katika orodha ya kimataifa ya mimea ambayo biashara yake inadhibitiwa. Ua la mpira halijafika hapo, kwa maana limeenea sehemu nyingi za Afrika. Lakini mmea waweza kuwa mwingi Afrika nzima na bado uishe katika msitu wenu.

Tena kuna sheria. Kuchukua mmea katika msitu wa serikali bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2016. Ikiwa kikundi chenu kiko karibu na msitu, zungumzeni na chama cha jamii cha kuhifadhi msitu na ofisi ya Huduma ya Misitu (KFS) kabla ya kuchukua hata kitunda kimoja. Njia nzuri zaidi ni kuanza na mimea iliyoko tayari katika mashamba na maboma yenu wenyewe. Ulizeni wazee. Mara nyingi iko, ila hakuna aliyeitilia maanani.

Kuutambua mmea

Kabla ya kupanda, hakikisheni mmea ndio wenyewe. Alama zake ni hizi:

- Tunguu liko ardhini, na mizizi yake ni minene na ya nyama.
- Majani ni mapana, ya kijani laini, yana mshipa mkubwa katikati, na sehemu ya chini hukumbatiana kama shina.
- Chini ya kikonyo au majani mara nyingi kuna madoa ya hudhurungi au zambarau.
- Maua ni mekundu, membamba kama nyuzi, yakitengeneza mpira.
- Ukikata tunguu halinuki kitunguu hata kidogo.

Namna ya kuotesha kwa mbegu

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Tumezoea mbegu ya mahindi: unaikausha, unaiweka gunia, unangoja mvua. Mbegu ya ua la mpira si hivyo. Ni laini na ina maji ndani. Ukiikausha juani umeiua. Ukiiweka kwenye bahasha mpaka msimu ujao utapanda mbegu iliyokufa. Basi fuateni hatua hizi:

1. Ngoja vitunda viwe vyekundu na vianze kulegea. Cha kijani hakijakomaa.

2. Vaa glavu, au mifuko mikononi, kwa maana maji ya mmea huu yaweza kuwasha ngozi. Minya kitunda mpaka mbegu itoke. Ndani huwa na mbegu moja, mara nyingine mbili au tatu.

3. Osha mbegu kwa maji mpaka nyama yote itoke. Nyama ikibaki huleta ukungu na mbegu huoza.

4. Panda siku hiyo hiyo, au siku chache baadaye. Usichelewe.

5. Tengeneza udongo wa kitalu. Chukua debe mbili za majani yaliyooza vizuri, debe moja ya mchanga wa mtoni, na debe moja ya udongo wa juu wa shamba. Changanya. Samadi mbichi ya ng'ombe usitie, itaozesha mbegu na matunguu.

6. Jaza mchanganyiko huo katika makopo ya zamani yaliyotobolewa chini, au katika sanduku la mbao. Weka mbegu juu ya udongo na uisukume kidogo kwa kidole mpaka nusu yake izame. Usiifukie sana.

7. Weka kivulini. Nyunyiza maji kidogo, udongo uwe na unyevu lakini usiwe matope.

Sasa kuna jambo la kuvumilia. Mbegu hutoa kwanza mzizi, na ncha ya mzizi huo huvimba kuwa tunguu dogo sana. Jani laweza kukawia. Mtu asiyejua atasema, "Hizi zimekataa," na kumwaga udongo. Usimwage! Fukua mbegu moja polepole uangalie. Ukikuta mzizi mweupe, mambo ni mazuri.

Namna ya kugawa matunguu

Mmea wenye umri mkubwa huzaa matunguu madogo ubavuni, lakini polepole. Wakati wa kuyatenganisha ni kiangazi, majani yakiwa yamekauka na tunguu limelala. Chimba mbali kidogo ili usikate mizizi minene. Toa yale yanayoachana kwa urahisi, na yanayong'ang'ania uyaache mwaka mwingine. Yaliyokatwa yaache kivulini siku mbili tatu jeraha likauke, ndipo upande.

Mmea uliogawanywa waweza kukasirika na kukataa kuchanua msimu mmoja. Hiyo ni kawaida. Kwa hiyo msiwe mkichimba kila mwaka.

Kuhamishia bustanini

Chagua mahali penye kivuli chepesi, ambapo jua la asubuhi hupenya kidogo na jua la mchana halifiki. Chini ya mikaratusi pasitumike, maana mti huo hunywa maji yote na kukausha udongo. Mahali panapotuama maji pia hapafai. Maji yakisimama wiki moja, tunguu huoza. Kama udongo wenu ni mfinyanzi mweusi, inueni tuta la kama sentimita 20 na kuchanganya mchanga na majani yaliyooza.

Panda tunguu ncha yake ikiwa usawa wa udongo au chini kidogo tu. Acha sentimita 25 hadi 30 kati ya tunguu na tunguu. Tandaza majani makavu juu, kama vile msitu wenyewe ufanyavyo. Pandeni kadhaa pamoja: mpira mmoja hupendeza, lakini mipira kumi chini ya mti mmoja humfanya mpita njia asimame.

Wakati wa mvua hakuna kazi nyingi ila kung'oa magugu kwa mkono. Usitumie jembe karibu na matunguu. Majani yakianza kuwa manjano, acha yafe yenyewe, kwa sababu wakati huo yanarudisha chakula chini kwenye tunguu. Mtu anayeyakata mapema "ili pawe safi" anakata maua ya mwaka ujao. Weka kijiti mahali pa kila tunguu, ili mtu asije akalima hapo wakati wa kiangazi akidhani ni patupu.

Wadudu na magonjwa

Adui mkubwa ni viwavi wenye michirizi myeusi na myeupe au ya manjano, ambao hula majani ya mimea ya jamii hii na hata kuingia ndani ya tunguu. Angalieni majani kila siku mbili wakati wa mvua, hasa upande wa chini. Mkiwaona, waokoteni kwa mkono (mkiwa na glavu) na kuwaua. Wakizoea kuingia ndani ya tunguu, dawa ni kuchelewa.

Konokono hutafuna majani machanga usiku. Tokeni na taa mwaokote. Wadudu weupe kama unga hujificha katikati ya majani, na hao hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Madoa mekundu yanayooza juu ya majani ni ugonjwa wa ukungu: kateni jani hilo mlichome, na mpunguze maji.

Hatari: someni sehemu hii kwa sauti katika mkutano

Ua la mpira lina sumu. Tunguu, majani na vitunda, vyote vina sumu, na tunguu ndilo kali zaidi. Miongoni mwa sumu zake kuna iitwayo likorini, ambayo iko katika mimea mingi ya jamii hii. Mtu akila hutokwa na mate, hutapika na kuharisha, na akila kingi aweza kufa. Sehemu nyingine za Afrika watu walitumia mmea huu kutengeneza sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Mbuzi na ng'ombe nao waweza kudhurika.

Mama mmoja mwanakikundi alileta matunguu sita nyumbani jioni. Mikono ilikuwa imejaa, mtoto analia, akayaweka katika kikapu jikoni akijiambia atayatoa kesho. Asubuhi binti yake alitaka kupika. Akachukua moja, akaanza kumenya. Jambo lililomwokoa ni kwamba halikunuka. "Mama," akasema, "hiki kitunguu mbona hakitoi machozi?" Mama alikuja mbio. Hakuna aliyeumia, lakini siku hiyo kikundi kizima kilikubaliana kuacha kusema "kitunguu cha porini". Mtoto akisikia kitunguu, akilini mwake ni chakula.

Kwa hiyo wekeni sheria hizi katika kikundi:

- Matunguu na mbegu zisiingie jikoni hata dakika moja.
- Msipande karibu na vitunguu, saumu au mboga.
- Msipande mahali watoto wadogo wanapocheza, wala penye kufungwa mbuzi. Vitunda vyekundu humwita mtoto kama peremende.
- Mkiona ndege akidonoa kitunda, msidhani ni salama kwa binadamu.
- Oshe mikono kwa sabuni kila anayeshika mmea.
- Kila mnunuzi aambiwe kwa mdomo, na kila kopo liwe na kibandiko: SUMU, SI CHAKULA.

Mtu akila kwa bahati mbaya, mtoeni mabaki mdomoni, mumsukutue kwa maji, na mumpeleke kituo cha afya mara moja pamoja na kipande cha mmea ili daktari aone. Msimlazimishe kutapika. Msingoje "tuone kwanza".

Je, kuna pesa?

Niseme ukweli: hii si njia ya kutajirika haraka. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni kama miaka mitatu hadi mitano. Anayewaambia mtauza mwaka huu huu anawadanganya, au ana mpango wa kwenda kuchimba msituni.

Lakini hebu tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kikundi kina mimea 10 iliyokomaa, na kila mmoja umetoa vitunda 30. Hivyo ni vitunda 300. Tuseme mbegu moja kila kitunda, na nusu ya mbegu zife. Mnabaki na miche 150. Mwaka wa pili mnaotesha tena, na wa tatu vivyo hivyo. Ikifika mwaka wa nne au wa tano, kila msimu mna kundi linalochanua, na nyuma yake makundi mengine yanakuja. Ua likiwa limechanua katika kopo hujiuza lenyewe, kwa maana mnunuzi anaona anachonunua. Wanaoweza kununua ni vitalu vya barabarani, hoteli, shule, na wenye nyumba zenye bustani ya kivuli. Nendeni mkaulize bei na haja yao kabla ya kuotesha, si baada.

Akitokea mtu wa kutaka kununua kwa wingi kupeleka nchi za nje, msikimbilie. Mimea inayotoka nchini huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS. Nendeni kwa afisa wa kilimo mkaulize vibali vinavyotakiwa. Mnunuzi wa kweli hataogopa swali hilo.

Wekeni daftari: tarehe ya kupanda, mbegu ngapi, zilizoota ngapi, na mama wa mbegu alitoka wapi. Daftari hilo litawasaidia kuonyesha kwamba mali yenu imetoka kitaluni, haikuibiwa msituni. Na kila mwaka, kati ya kila vitunda kumi, mpande viwili kwenye kivuli cha kudumu ambapo hakuna atakayeuza. Hiyo ndiyo akiba ya kikundi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika maboma yetu, ni mahali gapi penye kivuli pamekaa bure?
2. Ni nani kati yetu anao mmea huu tayari? Wazee huuitaje?
3. Ni mmea gani mwingine ulikuwa mwingi hapa tukiwa watoto na sasa umeisha? Uliishaje?
4. Nani atashika daftari, na nani atahakikisha watoto wote wameelezwa habari ya sumu?

Anzeni na kidogo: mimea mitano na sanduku moja la mbegu. Yule mama mwenyekiti aliyesema "tulikula mbegu" alianza na mmea mmoja tu uliobaki nyuma ya choo chake. Nilipopita kwake mara ya mwisho, alikuwa na makopo arobaini chini ya mwembe. Mengi yalikuwa na jani moja tu. Akaniambia, "Haya tutayangoja."